Kutoka Kipande Hadi Wasifu

Dukani kwangu Ngamiani, Tanga, bidhaa inayotoka kuliko zote si kalamu wala daftari. Ni bahasha ya kaki. Kijana huingia asubuhi, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi mlangoni. Anataka bahasha moja na nakala tatu tatu za vyeti. Kisha hunong'ona ombi ninalolisikia tangu mwaka 1996: "Shikamoo mama. Naomba uniandikie wasifu. Kama ule uliomwandikia mwenzangu juzi, ubadilishe jina tu."

Namwitikia marahaba, namvutia stuli akae, lakini hilo la kubadilisha jina nalikataa. Nina kadi moja iliyochakaa ndani ya mtoto wa meza, na kwa sababu ya kadi hiyo siwezi.

Ni kadi ya babu yangu mzaa mama. Alitoka Buha, upande wa Kasulu, akaletwa Tanga kukata mkonge. Wakati huo waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Watu walitolewa Kigoma, Songea, Njombe, hata ng'ambo ya mipaka, wakasafirishwa kwa treni na malori hadi mashambani. Walipofika walipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa: manamba. Tanga mpaka leo ukitaka kumkumbusha mtu kwamba wazee wake walikuja na mkonge, unasema ni mjukuu wa manamba. Mimi ni mmoja wao na sioni haya.

Kadi yenyewe iliitwa kipande. Ina visanduku thelathini. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, msimamizi anatia alama kwenye kisanduku kimoja. Usipoimaliza, hata kama ulikata mkonge tangu alfajiri mpaka jua la utosi, kisanduku kinabaki kitupu na siku hiyo imepotea. Mshahara ulilipwa visanduku vyote vikijaa, kwa hiyo mwezi wa manamba ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Kadi ya babu ina alama ishirini na sita. Sijui nne zilizobaki zilikwenda wapi, na mama naye hakujua.

Juu ya visanduku pana jina. Si jina la babu sawasawa. Ni jina ambalo karani wa pwani alilisikia mtu wa Buha alipotamka lake, akaliandika kama sikio lake lilivyompa. Hapana neno jingine. Kwao babu alikuwa mrina asali, anajua miti ya kutundikia mizinga na majira ya kila ua, na watu wa vijiji vya mbali walimfuata. Hayo mama alitusimulia. Kipande hakikuwa na mahali pa kuyaandika.

Tangu niliposoma kadi ile nikiwa mtu mzima, nimekuwa nikiyasikiliza maneno yetu ya kazi kwa sikio jingine. Kibarua, kwa mfano. Ni barua ndogo. Karne ya kumi na tisa Zanzibar, mtu aliyechukuliwa kazi ya kutwa, na wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, alipewa kijikaratasi cha kuonyesha jioni ili alipwe. Kijikaratasi kiliitwa kibarua, na muda si mrefu jina likamhamia mtu mwenyewe. Manamba naye aliitwa kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Cheti nacho ni neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, asili yake ni barua fupi. Kwa zaidi ya miaka mia moja mfanyakazi wa pwani hii alitanguliwa na karatasi, na karatasi hiyo aliiandika mtu mwingine.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika misafara ya bara, sifa ya mpagazi au kiongozi wa msafara ilipita kwa mdomo. Chuma na Susi, walioubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo wakafika Februari 1874, hawakuhitaji kueleza wanachojua. Zanzibar nzima ilijua. Mwaka 1879 Waingereza walipopanga msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson, walimchukua Chuma awe mkuu wa watu, kwa sababu kila aliyeulizwa pale mjini alimtaja yeye. Hiyo ilikuwa sifa hai, yenye mashahidi. Ilikoma pale ajira ilipokuwa kubwa kiasi kwamba mwajiri na mwajiriwa hawakuwa tena na mtu wanayemjua wote wawili.

Kenya walipata kipande kibaya kuliko chetu. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka kumi na sita na zaidi alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara na tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Ilikaa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Bwana asiposaini kwamba umeachishwa, ulihesabika mtoro na hakuna aliyeruhusiwa kukuajiri. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye kinyongo aliweza kuufunga mlango wa nchi nzima kwa kukataa kushika kalamu. Harry Thuku aliipinga kodi na kipande hicho, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Sheria ile ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kitambulisho kikawa cha watu wa rangi zote, lakini Mkenya wa leo akipoteza kitambulisho chake bado anasema amepoteza kipande.

Hapa Tanga palikuwa na watu wengine ambao karatasi iliwafaa, nao ni makarani. Wajerumani walifungua shule ya serikali mwaka 1892 kwa sababu walitaka watu wa kuandika barua na kutunza hesabu kwa Kiswahili. Martin Kayamba hakusomea hapo, yeye alisoma Kiungani, Zanzibar, lakini Tanga ndiyo iliyompa jina. Alikuwa amefanya kazi Kenya na Uganda, akafungwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza wakamchukua katika ofisi ya wilaya hapa. Mwaka 1922 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Maisha yake aliyaandika mwenyewe, yakachapishwa mwaka 1936 katika kitabu alichohariri Margery Perham. Nilipoyasoma nilihesabu kazi zake kwa vidole vya mikono yote miwili: alianzia wapi, akahamia wapi, kwa nini aliacha. Nikasema moyoni, huyu ndiye Mtanga wa kwanza ninayemjua kwa wasifu wa kazi ulioandikwa kwa mkono wake.

Kwa neno wasifu lenyewe anatudai Mtanga mwingine. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akiwa kijana, akakaa huko mpaka 1944, akapita idara ya wanyama, akarudi ofisi ya wilaya Tanga, akamalizia idara ya upimaji. Alikuwa mtumishi wa ofisi kama sisi. Kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka mwaka 1958, na mpaka leo sijaona kielelezo kinachokipita kwa mtu anayetaka kujua namna ya kueleza kazi ya mtu. Siti hakusoma shule. Alizaliwa Fumba, akafinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza, akaja mjini akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Hakuwa na cheti hata kimoja cha kuambatisha. Alikuwa na aliyoyafanya. Wasifu na sifa ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Wasifu si kujisifu. Ni kusema kilichopo.

Baba yangu alikuwa karani wa reli. Ndani ya mtoto wa meza, chini ya kipande cha babu, ipo barua aliyopewa na mkuu wake mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ina mistari mitatu ya Kiingereza: kwamba mwenye barua hii ni mwaminifu, anafika kazini kwa wakati, na halewi. Baba aliikunja mara nne akaitia mfukoni miaka mingi mpaka mikunjo ikakatika, mama akaiunga kwa gundi ya karatasi. Baba alikuwa Mwislamu wa kusali jamaa, pombe hakuijua harufu. Alikuwa ameshika daftari la mizigo miaka kumi na mmoja na hesabu haikuwahi kukosana na ghala. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake, ndilo alilojivunia mbele yetu watoto. Katika barua halimo. Nilipomuuliza kwa nini hakumwomba yule bwana aliandike, aliniangalia kama niliyetamka neno la aibu. Barua ya namna hiyo ilikuwa zawadi, na zawadi haipimwi. Kazi yako wewe ilikuwa kuandika barua ya maombi, ukimalizia kwamba ni mtumishi wake mtiifu.

Utii ule ulibaki katika barua zetu baada ya uhuru. Shuleni tulikariri: anwani mbili, tarehe, "YAH: MAOMBI YA KAZI", husika na kichwa cha habari hapo juu, wako mtiifu. Tulipata alama kwa mistari kukaa mahali pake. Sikumbuki mwalimu akitwambia tuandike tunachojua kufanya.

Na kwa kweli hatukuhitaji kuandika hayo. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 1976, nikachaguliwa Chuo cha Uhazili Tabora. Nilisoma kupiga chapa, hatimkato, na utunzaji wa majalada. Siku tulipomaliza tulipewa barua za kupangiwa kazi, yangu ikanirudisha Tanga katika kiwanda kimoja cha umma. Sikuandika maombi, sikufanyiwa usaili. Kizazi changu ndivyo kilivyoajiriwa. Serikali ilihesabu nafasi, ikahesabu wahitimu, ikapanga. Sisemi ulikuwa mpango mbaya. Ulinipa kazi binti wa karani na mjukuu wa manamba bila mjomba wa kunishika mkono. Lakini hata hapo wengine ndio waliotuandika. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 mtu alitakiwa afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, na alihitaji barua ya mwajiri na ya chama. Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvu kazi, na Dar es Salaam mtu asiyekuwa na kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa na kupelekwa kijijini. Barua ya mjumbe wa nyumba kumi ilikuwa na uzito kuliko ujuzi wa mwenye barua.

Kisha mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Nasi tukapunguzwa kazi mwaka 1996, mimi na wenzangu, kwa orodha iliyobandikwa getini. Kiinua mgongo changu kilitosha kununua taipureta ya mkono wa pili, Olympia, na meza. Nikakaa chini ya mwarobaini karibu na posta.

Miezi ile sitaisahau. Waliokuja mezani kwangu hawakuwa vijana. Walikuwa watu wazima wa miaka arobaini na tano, hamsini, mafundi na makarani waliopangiwa kazi wakiwa na ndevu za kwanza na hawakuwahi kuomba kazi maishani. Waajiri wapya walitaka sivii. Wateja wangu walilitamka neno hilo kama jina la ugonjwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachapa maelfu ya barua za wengine na sikuwa nimewahi kuandika wasifu wangu.

Mmoja alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Alikaa akaweka kofia yake gotini, akaniambia nichape jina, darasa la saba, na miaka ishirini na miwili ya korona. Basi.

"Mzee wangu, ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nashika mashine."

"Ikikwama usiku?"

"Naitwa."

"Unaitwa na nani, na fundi wa zamu yupo?"

"Fundi wa zamu ndiye anayetuma niitwe."

Nikaacha kuchapa. Nikamwomba anieleze usiku mmoja, wowote anaoukumbuka, tangu alipogongewa mlango. Akaeleza. Alisema beringi ikitaka kufa hulia kwanza, na yeye aliisikia kutoka nyumbani kwake kabla mjumbe hajafika, hivyo alikuwa ameshavaa viatu. Alisema aliwafundisha vijana wanne, na wawili kati yao ndio waliokuwa wakiongoza zamu katika mashamba mengine. Alisema alikuwa na watu kumi na wawili chini yake ingawa mshahara wake ulikuwa wa fundi wa kawaida. Yote hayo alikuwa hayahesabu. Alidhani kazi ni jina la kazi, kwa kuwa maisha yake yote karatasi zilizomhusu hazikuuliza zaidi ya hapo.

Tulijaza ukurasa mmoja. Miaka, mashine, idadi ya watu, aliowafundisha, na majina ya wadhamini watatu ambao nilimtuma kwanza akawaombe ruhusa ana kwa ana. Nilipomsomea aliniomba nirudie. Akauliza, "Huyo ni mimi?" Baadaye alipata kazi kiwanda cha chokaa. Ni mikono yake iliyompa kazi hiyo, lakini karatasi ile ndiyo iliyowafanya wamwite.

Tangu siku hiyo sijachapa wasifu bila kuuliza habari ya usiku mmoja.

Baada ya taipureta ikaja kompyuta, nikahamia dukani, na maombi ya serikali yakahamia kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira. Watu nao wakawa wengi mno. Mwezi Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 waliitwa kwenye uwanja wa taifa Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Watatu miongoni mwao walikuwa wateja wangu, walilala ndani ya basi kwenda na kurudi. Umati wa namna hiyo humtia mwajiri uvivu wa kusoma, hukimbilia cheti. Na cheti kikishakuwa kila kitu, watu watakitengeneza. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma ripoti ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Niliisikiliza redioni mlango wa duka ukiwa wazi, na wateja wawili waliokuwa kwenye foleni waliondoka bila kuaga.

Sasa hivi balaa jipya ni wasifu wa kunakili. Kijana anapakua kwenye simu, au anaiomba akili mnemba imtengenezee, unatoka umenyooka kama uzi: mchapakazi, mbunifu, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana. Mara nyingi kwa Kiingereza ambacho mwenyewe akiulizwa kwenye usaili hawezi kukitetea, ilhali matangazo ya Sekretarieti yanaruhusu barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Nimeona wasifu wa mhitimu wa kilimo na wa mhitimu wa hesabu za fedha vikifanana mpaka nukta. Kwangu mimi hicho ni kipande kilichorudi. Jina juu, visanduku chini, na mtu hayumo. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna karani wa shamba aliyetulazimisha.

Wenzetu Kenya wameliundia jambo hili neno zuri, wasifukazi, na wanafunzi wao wanafundishwa kuuandika kama aina ya insha. Ningependa shule zetu nazo zifanye hivyo, na zimtume mwanafunzi aanze kwa kuandika wasifu wa mtu mzima wa nyumbani kwake: mama ntilie, mvuvi wa Sahare, fundi baiskeli. Amuulize amefanya nini, kwa miaka mingapi, nani alimfundisha, naye kamfundisha nani. Akiuweza huo, wake atauandika.

Nawe kijana unayekuja dukani kesho na bahasha, usiniletee wasifu wa mwenzio. Njoo na daftari uliloandika usiku. Kama ulisimamia ghala la shule ukiwa kidato cha tano, andika magunia mangapi. Kama ulimsaidia shangazi genge lake likapanda kutoka beseni moja hadi meza tatu, andika mwaka na mwezi. Kama hujawahi kuajiriwa, sema hujaajiriwa, kisha sema ulichokifanya. Ukurasa mmoja au kurasa mbili zinatosha. Nafungua saa mbili asubuhi, na stuli ipo.